Mukajanga ndiye abebe igizo: shajara ya kuandika tamthilia ya Mashahidi wa Uganda

Januari, baada ya Epifania

Kila Juni 3 parokia yetu hapa Mwanza huwa na igizo la Mashahidi wa Uganda, na kila mwaka ni lilelile. Kabaka, mfalme wa Buganda, anafoka, vijana wanapiga magoti, karatasi nyekundu zinapeperushwa kuwa moto, kwaya inapokea, watu wanakwenda kula pilau. Mwaka huu kamati ya vijana imeomba tamthilia kamili, iliyoandikwa, ya saa moja na nusu. Kazi ikaniangukia mimi kwa sababu nafundisha Kiswahili sekondari, na kwa sababu kikao kile nilichelewa kuondoka.

Hadhira yangu inajua mwisho. Hata mtoto wa Komunyo ya kwanza atakwambia kwamba Karoli Lwanga, mkuu wa vijana watumishi wa ikulu ya Kabaka, na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kwa hiyo hakuna atakayekaa kwenye benchi akijiuliza watakufa au watapona. Itabidi nimtafutie swali jingine la kumkalisha pale.

Februari

Nasoma, naandika pembeni. Habari yenyewe ni pana kuliko jukwaa letu.

Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964 ni 22, na Waanglikana waliouawa katika dhoruba hiyohiyo huhesabiwa 23. Hawakufa siku moja wala mahali pamoja. Wa kwanza kati ya Wakatoliki, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa Nakivubo Novemba 15, 1885. Wa mwisho, Yohane Maria Muzeyi, aliuawa Januari 27, 1887. Katikati wapo waliouawa njiani wakipelekwa Namugongo, yupo Noe Mawaggali kule Mityana, yupo Matia Mulumba aliyekatwakatwa viungo akaachwa afe peke yake, akakaa hivyo siku tatu.

Huwezi kuwapandisha wote. Nikijaribu nitapata litania, na litania tunayo tayari, inaimbwa vizuri kuliko nitakavyoandika. Nimeamua: igizo linaanza na kifo cha Mukasa na kuishia Namugongo, miezi kama sita na nusu. Mulumba ametoka. Mawaggali ametoka. Muzeyi ametoka. Andrea Kaggwa nimemwacha kwa nusu ukurasa, maana kisa chake siwezi kukiruka: Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, alitoa amri kwamba hatakula mpaka aletewe mkono wa Kaggwa, na Kaggwa mwenyewe ndiye aliyewahimiza wauaji wafanye haraka ili mkubwa wao asikae na njaa. Mtunzi gani anaacha kitu kama hicho?

Jumatano ya Majivu

Nimeandika onyesho la kwanza la Lwanga na halisimami. Nimelisoma kwa sauti jikoni, mke wangu akaniuliza, "Huyu anagombana na nani?" Ndipo penyewe. Hagombani na mtu. Lwanga anapoingia ameshaamua. Alibatizwa mara tu Mukasa alipouawa, akijua kabisa nini kimempata aliyemtangulia, na kuanzia hapo mpaka kwenye kuni hayumbi. Ndiyo utakatifu wake huo. Lakini mtu asiyeyumba, jukwaani, anakuwa nguzo. Watazamaji wanamheshimu huku wakiangalia saa.

Igizo linakwenda na mtu ambaye bado anaweza kugeuka. Nikaanza kuwatafuta watu wa namna hiyo ndani ya habari, nikawaona wawili: Mwanga, Kabaka mwenyewe, na Mukajanga, mkuu wa wauaji.

Mukajanga anafaa kuliko wote. Yeye ndiye aliyepewa Mukasa Balikuddembe amuue. Mukasa alikuwa mtu mkubwa ikulu, aliyethubutu kumkemea Kabaka kwa kumuua Askofu James Hannington wa Kianglikana, na inasimuliwa kwamba alikataa kufungwa kamba, akasema hana sababu ya kukimbia. Mukajanga alimkata kichwa kwanza, ndipo mwili ukachomwa. Hiyo ni hisani ya muuaji kwa mtu anayemheshimu. Miezi sita baadaye, kati ya vijana anaokabidhiwa yumo Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani kwake, anayemwita baba.

Basi. Lwanga atakuwepo kila onyesho, atasema maneno machache, na kila atakayesimama karibu naye italazimu aamue jambo. Mukajanga ndiye abebe igizo.

Kwaresima, wiki ya pili

Onyesho la Mukajanga na Mbaga limeandikika kwa usiku mmoja, halafu nikalipunguza wiki nzima. Mapokeo yanasema baba alimsihi mwana aikane dini au akubali afichwe, na ndugu wakaja kulia. Mwanzoni niliwaweka ndugu wote jukwaani. Nimewatoa. Wamebaki wawili na mtungi wa maji.

Kipande cha katikati kilivyo sasa:

MUKAJANGA: Kunywa.
MBAGA: Wenzangu wamekunywa?
MUKAJANGA: Sikuulizi habari za wenzako. Kunywa.
(Mbaga anashika kata, hanywi.)
MUKAJANGA: Nyuma ya nyumba ya shangazi yako pana shimo la ndizi. Limefunikwa. Usiku mmoja tu. Kesho Kabaka atakuwa amesahau majina.
MBAGA: Hujasahau wewe, baba. Ulihesabu.
MUKAJANGA: Kuhesabu ni kazi yangu.
MBAGA: Basi akikuuliza idadi utamjibu nini?
(Mukajanga anamnyang'anya kata, anakunywa yeye.)

Nilikuwa na mistari minne baada ya hapo, Mbaga akieleza imani. Nimeifuta. Akishakunywa yule mzee maji yale, Mbaga hana la kuongeza. Mwigizaji akitaka kuhubiri nitamwambia akahubiri Dominika.

Jambo hili watunzi wengi wa maigizo ya kanisani hawalipendi: tunaogopa mtakatifu akinyamaza watu watadhani hana cha kusema. Mimi naona kinyume. Katika kesi ya Munyonyo, kwenye ikulu ya Kabaka, Mei 26, Mwanga aliamuru wanaosali wasimame upande mmoja kwenye uzio wa matete, wasiosali wabaki kwake. Lwanga akaenda, wengine wakamfuata, akamshika mkono Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote, wa miaka kama 14. Kuvuka ua ule ni hotuba. Katika maandishi yangu ni mstari mmoja wa maelekezo: "Lwanga anavuka. Anangoja. Ananyoosha mkono." Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: msiharakishe kungoja.

Kwaresima, wiki ya nne

Mwanga amenikalia kooni.

Katika maigizo yetu ya miaka yote Kabaka ni zimwi lenye ndevu za pamba. Ukweli ni kwamba mwaka 1886 alikuwa kijana asiyefika hata miaka 20, aliyeketi kitini pa baba yake Mutesa tangu Oktoba 1884. Wazee wa baraza walikuwa wa Mutesa. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wanamletea habari kwamba Wajerumani wameshika nchi kule bara ya Zanzibar na manowari zao zimesimama mbele ya Sultani Barghash, Agosti 1885. Na Hannington alikuwa anakuja kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga, upande ambao Waganda waliamini ndiko atakapotokea mshindi wa nchi yao. Aliuawa huko Oktoba 29, 1885. Hofu ya Mwanga haikuwa ya kichaa: miaka haikupita mingi Waingereza wakaishika Buganda, na mwaka 1899 wakampeleka yeye mwenyewe uhamishoni Shelisheli, alikofia 1903, akiwa amebatizwa jina la Danieli.

Nikiiweka hofu hiyo wazi, hadhira itamwelewa. Nisipoweka na lile jingine, nitakuwa nimewadanganya. Lile jingine ni kwamba Kabaka aliwataka vijana wale kimwili, na kukataa kwao, kwa kufundishwa na Mukasa kisha Lwanga, ndiko kulikochochea hasira yake. Siwezi kuliacha. Na ukumbini watakaa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa parokia, safu ya mbele, wakitafuna ubuyu.

Nilikwenda kwa Baba Paroko.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele, amina. Mwalimu, umeleta lile igizo au umeleta tatizo?"

Nikamweleza. Akasoma kurasa zile amesimama. Akasema, "Watoto wanajua kuliko tunavyofikiri. Wewe waonyeshe mtu mkubwa anayewalinda. Hilo walione vizuri."

Nikarudi na jibu. Onyesho sasa liko hivi: tunamwona Lwanga tu, chumba cha vijana, jioni. Kutoka nje ya jukwaa sauti ya Kabaka inaita, "Kizito!" Lwanga anamtuma Kizito kisimani. Sauti inaita tena. Anaingia kijana mwingine mkubwa: "Kizito katumwa, Ssebo." Inaita mara ya tatu. Lwanga anainuka, anaijibu mwenyewe. Hakuna neno chafu hata moja na hakuna mtu mzima ukumbini atakayeshindwa kuelewa. Kwamba Lwanga alikuwa anawaficha na kuwapangia kazi za mbali ni habari ya kweli. Mwito wa mara tatu ni wangu.

Oktava ya Pasaka

Usomaji wa kwanza na waigizaji, ukumbi wa parokia, madirisha wazi kwa joto.

Msichana mmoja wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, ameuliza swali zuri: kwa nini Waganda wote wanaongea Kiswahili? Nikamjibu kwamba kwa kiasi fulani walikuwa wanaongea. Kiswahili kilisikika ikulu kwa Mutesa na kwa Mwanga, kililetwa na watu wa pwani pamoja na Uislamu, na wamisionari wa mwanzo walikitumia kabla Kiganda chao hakijanyooka. Hivyo nimeacha Kiswahili chetu cha kawaida, nikabakiza majina ya vyeo tu: Kabaka, Katikiro, Ssebo kwa heshima. Lafudhi ya kuiga Waganda nimeipiga marufuku. Ilianza kama mzaha kwenye meza ya chai na ingeliua igizo.

Kitu cha pili kilichozuka ni Bukumbi. Nusu ya waigizaji hawakujua kwamba sehemu ya habari hii ilipita hapa kwetu. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliofika Buganda mwaka 1879 wakiwa na padre Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapera, waliondoka huko Novemba 1882 wakavuka ziwa kuja upande huu wa kusini, na Bukumbi ikawa misheni yao. Walirudi Julai 1885. Karibu miaka mitatu kule hakukuwa na padre. Waliobaki ni walei: Mukasa ikulu, Kaggwa na Mulumba huko nje, wanafundisha, wanaokoa watoto wa mateka, wanaangalia wagonjwa wa tauni. Mapera aliporudi aliwakuta wameongezeka.

Nimeongeza utangulizi mfupi kwa ajili hiyo: mtumbwi unaondoka, Mukasa amesimama ufukweni, mtu anamuuliza, "Sasa nani atatufundisha?" Katekista wetu, ambaye anacheza Katikiro, alinyamaza pale kwa muda kisha akasema, "Mwalimu, huo mstari usiuguse." Yeye ana kigango kinachomwona padre mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu.

La tatu nimeliingiza bila kuombwa na mtu. Namugongo palikuwa mahali pa kuulia kabla ya 1886. Chini ya Mutesa, mwaka 1876, waliuawa pale vijana Waislamu walioshika dini yao kuliko amri ya Kabaka. Muuaji mmoja mzee katika igizo anamwambia mwanafunzi wake, wakipanga kuni: "Wale wa mwaka ule nao walikuwa wanasali. Wakielekea kule." Anaonyesha kaskazini. Sekunde tano. Majirani zetu Waislamu huja kila mwaka kwenye sherehe, na nataka walisikie.

Mei, wiki ya kwanza

Mazoezi ya kusimama. Mambo ya kawaida yaende haraka: kanzu za vijana zimeshonwa, nguo za magome tumeazimwa na familia moja ya Kihaya, ngoma ipo, Kabaka wetu hajui mistari ya sehemu ya pili na anasema mtihani wa chuo ndio sababu. Njia ya kwenda Namugongo tunaizunguka ukumbi mzima kupita kati ya mabenchi. Ponsiano Ngondwe, Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza wanabaki njiani, kila mmoja kwenye kona yake. Hawatolewi, wanalala hapohapo miguuni mwa watazamaji mpaka mwisho. Mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, alilalamika kwamba atashindwa kupita kwenda kumnyonyesha mtoto. Nikamwambia apite juu ya Gonzaga.

Mei, wiki ya pili

Moto. Mzee wa kamati anataka moto wa kweli, mdogo, kwenye karai. Hapana. Dari ni mbao na waigizaji wamevaa magome. Vijana wa taa wanataka vitambaa vya rangi ya chungwa na feni. Nimekataa pia, ingawa kwa sababu tofauti: watu wataangalia feni.

Nimerudi kwenye habari. Walioletwa Namugongo walikaa wamefungwa siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Asubuhi ya tarehe 3, sikukuu ya Kupaa Bwana mwaka ule, walizungushiwa mikeka ya matete, wakafungwa na kulazwa juu ya kuni. Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Mbaga alipigwa shingoni kwanza, kwa amri ya Mukajanga, asije akausikia moto. Na wapo vijana watatu walioachiwa pale pale dakika ya mwisho: Dionisi Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe. Mengi tunayoyajua ya siku ile tunayajua kwa sababu ya hao.

Kwa hiyo onyesho la mwisho ni mikeka. Tumekata matete ziwani, tumeyashona kwa kamba ya katani. Wauaji wanamfunga kila kijana mbele ya watu, bila muziki, kwa muda unaotakiwa. Katika mazoezi ya jana nilimwangalia kijana anayecheza Gyavira, mmoja wa mashahidi, akifungwa. Kamba ya kwanza vifundoni, ya pili magotini, ya tatu kifuani. Ile ya kifuani ndiyo inayobadilisha sauti yake, maana pumzi haishuki tena, na sala aliyokuwa anaisema kwa raha ikawa inatoka vipandevipande. Hakuigiza. Matete yanakwaruza yakisuguana, mlio mkavu, na ukumbi wa saruji unaukuza. Nimewaambia ngoma zote zinyamaze hapo.

Halafu wauaji wanamfungua Kamyuka. Yeye anataka kujua kwa nini yeye. Hajibiwi. Anasimama peke yake mbele na kueleza kilichotokea nyuma yake, mikeka imelala gizani, taa iko usoni mwake tu. Moto wote uko kwenye maneno ya kijana aliyeachwa hai.

Mei, wiki ya mwisho

Baba Paroko amekuja kutazama. Amecheka alipotakiwa kucheka, kwenye nusu ukurasa wa Kaggwa. Baadaye akauliza, "Na Mukajanga anaishia wapi?"

Nilikuwa na majibu matatu kwenye daftari. La kwanza analia, la pili anatupa rungu, la tatu anakwenda kwa Kabaka kutoa taarifa. Nimechukua la tatu. Analeta idadi. Kabaka anauliza kama kuna aliyekana. Mukajanga anasema hakuna. Kabaka anauliza kama wa nyumbani kwake alikuwemo. Mukajanga anarudia idadi ileile. Mwigizaji wetu, fundi baiskeli ambaye hajawahi kupanda jukwaani, ameelewa hapo kuliko nilivyoandika: mara ya pili anaisema kwa sauti ya chini kidogo na kwa kasi, kama mtu anayetaja bei.

Juni 4

Limechezwa. Limezidi muda, kwa sababu njia ya kwenda Namugongo ilijaa watoto waliotoka kwenye mabenchi wakawafuata wafungwa nyuma, na hakuna aliyewarudisha. Nimeuliza kama tuwazuie tukirudia. Waigizaji wamesema hapana, na mimi nakubaliana nao. Nimeandika kwenye maelekezo kwamba msafara uache nafasi.

Kabaka wetu alijua mistari. Kwenye mwito wa mara tatu mabenchi ya akina mama yalinyamaza kabla ya mwito wa pili. Mistari ya yule muuaji mzee ilipokelewa na sauti ya "Allahu akbar" ya chini kutoka kwenye viti vya wageni, ambayo haikuwa kwenye maandishi.

Malalamiko mawili ya haki. Kwanza, safu za nyuma hazikumsikia Kamyuka; ana sauti nyembamba, na sitaki kumpa maikrofoni, kwa hiyo nitamsogeza mpaka ngazi ya chini. Pili, mzee mmoja amesema Lwanga anaonekana mdogo mno kwenye igizo linalotajwa kwa jina lake. Nimefikiri juu yake usiku. Sitampa hotuba. Lakini nitampa kitu kimoja kutoka kwenye mapokeo ambacho nilikuwa nimekiacha: anamwambia Senkoole, aliyekuwa anamchoma, kwamba moto ule ni kama anamwagiwa maji. Kamyuka ndiye atakayeyasimulia maneno hayo, na Mukajanga atakuwa amesimama mahali anapoyasikia, akiwa ameshika ile kata.

Vijana wa Bukumbi wameomba tuwapelekee Agosti. Usafiri bado hatuna, na matete mapya yakatwe Julai, maana ya sasa yameshavunjika.